Zombi wa Kwanza Hakula Mtu, Alikata Miwa

Wiki jana nilikuwa kwa matatu natoka tao, jamu ya Roysambu imetushika, na jirani yangu wa kiti akaona nachapa kitu kwa simu bila kupumzika. Akauliza, si kwa ubaya, ni nini naandika hivyo kama mtu anaandika wosia. Nikamwambia ukweli: naandika hadithi ya mfululizo, ya mapenzi, inatokea huku kwetu Kimbo baada ya dunia kuisha, na mmoja wa wale wapenzi wawili ni zombi. Akacheka mpaka makanga akageuka kuangalia. Halafu akasema ile kitu nishaambiwa mara nyingi: "Sista, zombi ni stori za wazungu. Andika za kwetu."

Nilishuka stejini nikiwa na jibu lote mdomoni na yeye akaendelea na safari yake. Kwa hivyo jibu ni hili, na ni refu. Chemsha chai kwanza.

Zombi si wa wazungu. Zombi aliibiwa. Alitoka Afrika ndani ya meli za watumwa, akalimishwa miwa kwa miaka mia na zaidi, halafu Hollywood ikamchukua ikamfundisha kula watu. Na ukifuata hiyo historia mpaka mwanzo unapata kitu kingine ambacho mimi mwenyewe sikukitarajia: mapenzi hayakuongezwa juzi na vijana wa Wattpad. Yalikuwako tangu filamu ya kwanza kabisa. Shida ni nani alikuwa anaruhusiwa kupendwa.

Tuanze na jina. Wataalamu wengi wanalihusisha neno zombi na lugha za Kongo ya magharibi, kama Kikongo, ambako nzambi ni Mungu au roho. Watu wa huko walinaswa kwa maelfu wakapelekwa Saint-Domingue, sehemu ya kisiwa ambayo leo ni Haiti, wakati huo koloni tajiri kuliko zote za Ufaransa. Utajiri wenyewe ulikuwa sukari na kahawa. Kufikia 1789 kulikuwa na watumwa karibu nusu milioni pale, na walikuwa wanakufa haraka kiasi kwamba wenye mashamba walikuwa wananunua wengine kila mwaka kujaza mapengo. Na usidhani pwani yetu haikuhusika. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Hao walienda zaidi visiwa vya Mauritius na Réunion, lakini meli kutoka Msumbiji zilifika hadi Saint-Domingue kwenyewe.

Sasa fikiria wewe ni mtu wa hapo. Unaamka kabla ya jua, unakata miwa, unalala, unaamka. Kitu kimoja tu kinakupa moyo: ukifa, roho yako inarudi nyumbani, Guinea, ndivyo walivyoita Afrika. Kifo ndiyo siku ya kutoka kazini. Kwa hivyo ni jambo gani baya kuliko yote linaloweza kukutokea? Si kufa. Ni kufa halafu mtu akufukue, akuamshe, akurudishe shambani. Kazi bila mwisho, hata kaburi likatae kukufunika.

Huyo ndiye zombi wa kwanza. Hana meno makali wala virusi. Hakimbizi mtu. Ni wa kuonewa huruma. Watu wa Haiti hawakuwa wanamwogopa zombi, walikuwa wanaogopa kuwa zombi. Rudia hiyo sentensi pole pole kwa sababu ndiyo yote.

Wahaiti walipindua utumwa wao wenyewe, vita vya kuanzia 1791 hadi uhuru tarehe 1 Januari 1804. Lakini 1915 wanajeshi wa Marekani wakaingia na wakakaa mpaka 1934. Wakafufua sheria ya zamani ya kulazimisha wanakijiji kujenga barabara bila malipo, watu wanafungwa kamba pamoja kama miaka ile ya Wafaransa. Ni katikati ya hayo mwandishi mmoja wa Marekani, William Seabrook, akaja kisiwani, akasikia hadithi za mazombi, na 1929 akachapisha kitabu kiitwacho The Magic Island. Hicho ndicho kilichompeleka zombi Marekani.

Kuna hadithi moja ndani yake nataka nikusimulie kwa maneno yangu, kwa sababu hadithi yangu yote imejengwa juu yake. Ni mwaka 1918, msimu mkubwa wa miwa, na kampuni ya sukari ya Wamarekani inatafuta vibarua. Mzee mmoja, Ti Joseph, anafika na kundi la watu waliochakaa, macho hayaoni, wanatembea kama wamelala. Anasema ni washamba wa milimani wameogopa kelele za kiwanda. Wanaandikishwa. Wanafanya kazi mchana kutwa na mshahara unaingia mfukoni mwa Joseph. Mke wake, Croyance, kazi yake ni kuwapikia uji usio na chumvi, kwa sababu zombi akionja chumvi anakumbuka kuwa amekufa.

Siku moja ya sikukuu Joseph anaenda mjini kuponda raha. Croyance anabaki na hao watu, anawaangalia, na anawaonea huruma. Kila mtu anasherehekea na wao wamekaa tu. Anawapeleka nao wakaone maandamano. Anawanunulia kashata za sukari guru na njugu. Hajui kwamba mpishi alizitia zile njugu chumvi.

Wanaonja. Wanajua. Wanageuka wote pamoja, wanaanza kutembea kuelekea milima ya kwao. Wanapofika kijijini watu wanawatambua. Mama anamwona mwanawe aliyemzika. Mke anamwona mumewe. Wanaitwa kwa majina yao, wanalia mbele yao, na wao wanapita tu moja kwa moja mpaka makaburini, kila mtu anaanza kufukua kaburi lake kwa mikono, na wakigusa udongo wanaanguka, wanakuwa maiti kama ilivyopasa.

Mimi nilisoma hiyo usiku kejani, stima zimepotea, na nililia. Hiyo ni hadithi ya mapenzi. Mapenzi ya mwanamke asiyewajua hata majina, aliyewanunulia kashata tu. Na hakuna aliyepona.

Miaka mitatu baada ya kitabu, 1932, ikatoka White Zombie, filamu ndefu ya kwanza ya zombi duniani. Mwenye kiwanda cha sukari ni Bela Lugosi, yule aliyecheza Dracula. Na stori ni nini? Mapenzi! Dem mzungu, Madeleine, amekuja Haiti kuolewa na mchumba wake. Tajiri mwenye shamba anamtaka. Anamwendea mchawi, dem anageuzwa zombi ili awe wake. Mchumba anapigana mpaka anampata, na mwishoni anazinduka. Pazia.

Lakini angalia kule nyuma. Kuna sehemu ndani ya kiwanda, mazombi weusi wanasukuma gurudumu la kusaga miwa, zunguka, zunguka, mmoja anaanguka ndani ya mashine na wengine hawasimami hata sekunde. Hakuna anayemtafuta huyo. Hana mchumba. Hajaitwa jina. Kamera inampita inaenda kumtafuta Madeleine. Mwaka 1943 wakarudia tena na I Walked with a Zombie: nesi mzungu anampenda mwenye shamba la miwa ambaye mke wake ni zombi, na mweusi pale, Carrefour, amesimama tu katikati ya miwa usiku, macho wazi, anachunga njia. Filamu nzuri, siwezi kudanganya, ile ya kutembea usiku kwenye miwa bado inanitisha. Lakini huyo Carrefour alikuwa mtoto wa nani? Alimpenda nani kabla? Filamu haina haja.

Kwa hivyo msee wa matatu alikuwa nusu sawa. Wazungu walichukua mapenzi wakajiwekea, sisi wakatuachia gurudumu.

Sasa tuje nyumbani, maana mtu atasema Haiti ni mbali.

Vuka mpaka pale Namanga uulize Mtanzania yeyote kuhusu msukule. Usimwambie zombi, mwambie msukule. Atakueleza vizuri kuliko filamu yoyote. Mtu anakufa ghafla, kijana, hajaugua. Mnamzika. Kumbe mlichozika ni gogo la mgomba, mwenyewe kachukuliwa na mchawi. Anakatwa ulimi asiweze kusema. Analishwa pumba. Mchana anafichwa, darini au chini ya uvungu, usiku anatolewa kwenda kulima shamba la aliyemchukua. Ndiyo maana jirani ana shamba zuri na hamjawahi kumwona na jembe. Kusini mwa Tanzania na Zanzibar utasikia pia jina ndondocha, stori ni ile ile.

Weka hiyo kando ya Haiti. Shamba, usiku, chakula kibovu, kunyamazishwa, faida kwa mtu mwingine. Hawakuigana. Watu wawili waliopigwa na fimbo inayofanana wameota ndoto inayofanana. Tanzania imepitia misafara ya watumwa, imepitia mashamba ya mkonge ya Wajerumani na Waingereza ambako watu walienda wakapotea miaka. Mtu akienda kwenye mkonge asirudi, asiandike, halafu aonekane siku moja amekonda na hazungumzi, ungemwitaje?

Na hiyo si historia ya vitabu tu. Dar es Salaam kuna kanisa maarufu linaloitwa Ufufuo na Uzima, na umaarufu wake ulitokana sana na kuombea watu waliodaiwa kuchukuliwa msukule ili warudi. Sisemi uamini. Mimi mwenyewe siamini kuna mtu kwenye dari ya jirani. Ninachosema ni kwamba umati unaojaa pale ni wa watu waliofiwa. Ni mama anayesema, kama kuna uwezekano mmoja kati ya elfu kwamba mtoto wangu anafanya kazi mahali fulani gizani, nataka aitwe jina arudi. Hiyo ni mapenzi pia. Ni yale yale ya wale mama wa milimani Haiti.

Bongo movie walishaliona hili kabla yetu. Katikati ya miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Shumileta, jini wa kike anayempenda mwanaume binadamu, na watu waliinunua kama mkate. Kwenye vitabu, Said Ahmed Mohamed aliandika Babu Alipofufuka, 2001, ambapo babu anatoka kuzimu kuja kumsumbua mjukuu mkubwa wa serikali, amwonyeshe alichoifanyia nchi. Wafu wetu wa Kiswahili wakifufuka hawaji kula ubongo. Wanakuja na swali.

Halafu kuna sisi. Ruiru, Thika, huku kote.

Watoto wa sasa mnaijua Ruiru ya magorofa na vyumba vya kupanga, lakini kabla ya mawe kulikuwa na kahawa na mkonge. Mpaka leo kuna aina ya kahawa inaitwa Ruiru 11, ilitolewa 1985 na watafiti wa hapa hapa, na kuna wakulima wanaijua Ruiru kwa mbegu hiyo tu. Mashamba hayo ya kahawa yaliyong'olewa kupandwa nyumba yalikuwa ya walowezi, na swali la walowezi lilikuwa lile lile la Saint-Domingue: nani atalima?

Jibu lao la kwanza lilikuwa kodi. Jibu la pili lilikuwa kipande. Sheria ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alipewa karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuingia kazini, na sehemu ambayo mwajiri atatia sahihi ukitoka. Ukiondoka bila sahihi, unatafutwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Watu walisema ni kama kengele ya mbuzi. Na 1919 Gavana Northey akatoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wahimize watu waende mashambani mwa wazungu, na neno "himiza" kwa chifu wa wakati huo unajua lilimaanisha nini. Hata wanawake na wasichana wakapelekwa kuchuma kahawa.

Aliyesimama kupinga hayo ni kijana wa Kambui, Kiambu hii hii yetu, Harry Thuku, opereta wa simu. Alikamatwa Machi 1922. Watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akawazomea wanaume waliokuwa wanasitasita, na polisi wakapiga risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikubali watu 21 waliuawa, naye Muthoni akiwa mmoja wao.

Na ni kwenye Nairobi ya miaka hiyo ya ukoloni ndiyo ilizaliwa stori ya wazimamoto. Uliza wazee. Ati gari la zima moto halikuwa la moto, lilikuwa la kukamata watu usiku wanyonywe damu ipelekwe hospitali za wazungu. Pwani waliita mumiani. Mwanahistoria Luise White alikuja akakaa na wanawake wa Pumwani waliozeeka pale, wakamsimulia, akaandika kitabu kizima, 2000. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kwa nini kila mtu kuanzia Kampala hadi Nairobi alikuwa anaisimulia. Mimi naona ni zombi tu amebadilisha gari. Mtu anayeishi kwenye mji ambao mwili wako unahitajika na wewe mwenyewe hutakiwi, ataacha vipi kuota kuwa damu yake inachukuliwa?

Nilimuuliza cucu yangu kama anajua zombi ni nini. Alichuma kahawa akiwa msichana, kwenye shamba ambalo sasa ni magorofa. Nilimweleza: mtu amekufa lakini bado anafanya kazi, hajui jina lake, anasukumwa. Akanitazama kama nimeuliza kama anajua maji.

"Kairitu, sisi tuliitwa kwa debe," akasema. "Nyapara hakujua Wambui wala Njeri. Alijua debe ngapi."

Halafu akaniuliza kama nimekula. Hiyo ndiyo ilikuwa mahojiano yote.

Nirudi kwa filamu haraka, kwa sababu hapa kuna kitu cha kushangaza. Mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, na hapo ndipo zombi alipoanza kula watu. Kwa njia, ndani ya filamu hiyo hawaitwi hata zombi. Shujaa ni mweusi, Ben, anaokoka usiku mzima, na asubuhi anapigwa risasi na wazungu waliokuja kuokoa. Romero aliona vizuri. Lakini baada yake zombi akaacha kuwa mfanyakazi akawa umati: wale wasio na sura wanaokuja ukutani, uwapige risasi bila kujisikia vibaya. Walking Dead ilifanya hivyo kuanzia 2010 mpaka 2022. Miaka kumi na miwili ya kufyatua vichwa.

Halafu mapenzi yakarudi. Kitabu cha Isaac Marion, Warm Bodies, kilitoka 2010 na filamu yake 2013, na hapo kwa mara ya kwanza kwa wengi wetu zombi mwenyewe ndiye anayesimulia. Anaitwa R kwa sababu amesahau jina lake lote isipokuwa herufi ya kwanza. Unaona? Msukule amekatwa ulimi, wa kahawa anaitwa debe, huyu amebaki na herufi moja. Dem anamwita, moyo unaanza kupiga. All of Us Are Dead ya Korea, 2022, iliwekea mapenzi ya watoto wa shule katikati ya damu na nusu ya ploti yetu haikulala wiki hiyo.

Lakini ile iliyoniangusha ni ya watoto. ZOMBIES ya Disney, 2018, sasa ziko filamu nne. Zed ni zombi, Addison ni dem wa kushangilia timu, wanapendana, wanaimba. Binamu zangu wadogo wanajua kila wimbo. Mazombi wanaishi mtaa wao, umetengwa kwa ukuta. Shuleni wanawekwa chini kwenye orofa ya ardhini. Na kila zombi anavaa kidude mkononi kinachomtuliza asilete fujo. Nilikuwa nakula chapati na hao binamu nikaacha kutafuna. Hicho ni kipande! Hicho ni kipande kimetoka shingoni kikaenda mkononi. Na mji wao unaitwaje? Seabrook. Jina lile lile la mwandishi wa 1929. Miaka karibu tisini, zombi amezunguka dunia akarudi kwa mtu aliyemchukua, na sasa anaimba.

Mwisho wa filamu ni kwamba Zed anakubalika. Mapenzi yanamfanya afae. Na mimi kila mara najiuliza, afae kwa nani?

Mkenya aliyejibu hilo vizuri zaidi hakutumia zombi hata mmoja. Wanuri Kahiu, Pumzi, 2009, filamu ya dakika ishirini hivi. Dunia imekauka, ni miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi chini ya ardhi kwenye jamii inayoitwa Maitu, na ukiwa wa huku Kiambu umeshaelewa, ni mama. Wanakunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa. Umeme wanauzalisha kwa miili yao, kwenye mashine za mazoezi. Na ukiota ndoto, unaamriwa umeze dawa ya kuzuia ndoto. Asha anaota mti. Anatupwa kwenye mashine. Anatoroka na mbegu, anatembea jangwani, anaipa maji yake ya mwisho na jasho lake, anaifunika kwa mwili wake. Croyance aliwapa chumvi wasiojua kitu. Asha alijipa mwenyewe.

Sasa naweza kueleza hadithi yangu, kwa wale ambao hawajaisoma. Inaitwa Stima Ikirudi. Stima zimepotea dunia nzima, Superhighway imeota nyasi, na kwenye machimbo ya mawe wafu bado wanachonga mawe ya kujengea kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Wanja anapita hapo kila alfajiri kuchota maji, na kuna mmoja, ana kadi shingoni yenye namba, ambaye kila akipita anasimamisha nyundo. Hiyo tu. Sekunde tatu. Sehemu tatu nzima za hadithi zimejengwa juu ya hizo sekunde tatu.

Wengi mnadhani nilitoa hapo kwa Warm Bodies. Nilitoa stejini.

Kulikuwa na chali, nitamwita K kwa sababu yuko hai na hajaniruhusu. Alikuwa anafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda kimoja huku, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilikuwa natoka kwenda chuo saa hiyo hiyo anayoshuka. Kwa miezi mitano penzi letu lilikuwa dakika za kungoja matatu, yeye na kadi yake ya namba shingoni, mimi na begi, tumesimama karibu na yule mama wa njugu. Mwanzoni tulikuwa tunaongea. Baadaye alikuwa anasimama tu, macho wazi. Siku ya bathdei yangu alikuja kejani, nikapika pilau, akalala ameshika kijiko. Nilimwangalia masaa manne. Nikitaja jina lake alikuwa anajibu "sawa, bosi" ndani ya usingizi.

Asubuhi moja nilimwambia. Nilimwambia, wewe hukuwa hivi, wewe ulikuwa unachora, ulikuwa unanichekesha mpaka naomba uache, huyu sijui ni nani. Nilidhani nikisema hivyo atazinduka awe wangu kabisa, kama kwenye filamu.

Alizinduka. Baada ya wiki mbili aliacha kazi akapanda basi kwenda kwao Kakamega, na huko ndiko aliko. Ana kuku. Anachora mabango ya maduka. Hakukosea, na mimi ndiye niliyempa chumvi.

Kwa hivyo wale mnaonisumbua kuhusu sehemu ya nne, mkitaka moyo wa yule zombi uanze kupiga, ahame kwa Wanja, wapande mboga, waishi: nimejaribu kuandika hivyo mara mbili na nimefuta mara mbili. Si kwamba nachukia mwisho mzuri. Ni kwamba yule mtu ana kijiji. Kuna mama mahali alizika gogo la mgomba. Mimi ni nani nimzindue halafu nimzuie asiende?

Lakini pia si lazima aanguke kaburini kama wale wa Haiti. Hapo bado napigana na karatasi. Labda Wanja anatembea naye. Thika Road yote mpaka mjini, halafu magharibi, kwa miguu, wafu wengine wakisimamisha nyundo kuwatazama wakipita.

Sehemu ya nne ni Ijumaa. Inaanza na Wanja kwenye machimbo, kabla ya jua, ameshika karatasi ya njugu za shilingi kumi, na hajamwambia ni za chumvi.